Je, wajua? Hata programu huria unaweza kunyimwa ruhusa ya kuisambaza

Stockfish ni programu ya kucheza chesi yenye nguvu kuliko bingwa yeyote wa kibinadamu. Ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuibadilisha na hata kuiuza. Lakini Julai 2021 watengenezaji wake walitangaza kwamba kampuni moja, ChessBase ya Hamburg, Ujerumani, haina tena ruhusa hiyo, na kwamba wameishtaki. Inawezekanaje kumnyima mmoja kitu kilichotolewa kwa wote?

Tuanze na hakimiliki. Programu ikishaandikwa huwa na mwenyewe, hata akiiweka mtandaoni bila kudai senti. Leseni ni ruhusa yake kwetu sisi wengine, na ruhusa hiyo ina masharti. Stockfish iko chini ya leseni iitwayo GPL, toleo la 3, lililotolewa mwaka 2007 na Free Software Foundation, shirika la Marekani linalotetea programu huria. Ukiitumia mwenyewe tu, hudaiwi chochote. Ukimpa au kumuuzia mwingine, ndipo wajibu unapoanza: umpatie na msimbo chanzo (maandishi ambayo programu imetengenezwa kwayo), pamoja na haki zilezile ulizopewa wewe.

ChessBase ilikuwa ikiuza programu mbili za chesi, Fat Fritz 2 na Houdini 6. Timu ya Stockfish ilisema zote mbili zimejengwa juu ya msimbo wake, na wanunuzi hawakuelezwa hivyo ipasavyo.

Toleo la 2 la GPL, la mwaka 1991, halina huruma: ukikiuka, haki zako zinakoma papo hapo, na leseni yenyewe haisemi utazirudishaje. Toleo la 3 limeweka njia ya kurudi. Ukiacha kukiuka, haki zinarejea kwa muda. Zikipita siku 60 tangu uache bila mwenye hakimiliki kukuarifu, zinarejea kwa kudumu. Mkosaji wa mara ya kwanza akipewa notisi na mwenye hakimiliki huyo, ana siku 30 za kurekebisha, na mambo yanaisha. Anayerudia kosa hana kinga hiyo ya siku 30, na timu ya Stockfish ilishikilia kwamba hapa kosa lilikuwa limerudiwa. Shauri lilifika mahakamani Munich, likamalizwa kwa makubaliano Novemba 2022: ChessBase isiuze programu zenye Stockfish kwa mwaka mmoja, kisha irudishiwe leseni.

Na yule aliyekwisha kununua Fat Fritz 2? Haki zake zilibaki salama, na kwangu mimi hiki ndicho kifungu bora kuliko vyote katika GPL. Mnunuzi hapewi haki na muuzaji. Kila nakala inapofika mkononi mwa mtu, leseni inamfikia moja kwa moja kutoka kwa waandishi wa asili. Muuzaji akianguka, haanguki na wateja wake, na bila hilo nani angethubutu kutegemea programu iliyopitia mikono mitano kabla ya kumfikia?

Mwandishi naye amefungwa. GPL toleo la 3 inatamka kwamba haki ilizotoa haziondolewi maadamu masharti yanafuatwa, hivyo kujutia ukarimu si sababu. Anachoweza mwenye hakimiliki ni kutoa matoleo yajayo chini ya leseni nyingine. HashiCorp ya Marekani ilifanya hivyo Agosti 2023 kwa Terraform, programu yake ya kuandaa na kusimamia seva, iliyokuwa chini ya leseni huria nyingine, MPL: kuanzia hapo, matoleo mapya yakaja na leseni inayowabana washindani wake kibiashara. Watumiaji wasioridhika walichukua msimbo wa kabla ya badiliko hilo, ambao bado ulikuwa halali yao, wakauendeleza kwa jina la OpenTofu chini ya Linux Foundation, shirika linalolea miradi ya programu huria.