Umeme au dizeli kwenye gari ya safari? Niambie kwanza gari inalala wapi

Swali linaloingia sana gereji siku hizi, kutoka kwa madereva wa safari na wenye kampuni ndogo hapa Arusha, ni hili: fundi, tubadilishe hii Land Cruiser iwe ya umeme au tubaki na dizeli yetu? Na mimi kabla ya kuongelea mota wala betri nauliza kitu kimoja tu, hiyo gari usiku inalala wapi. Mtu akinijibu hilo, nusu ya kazi imeisha.

Tuanze na uniti, zile zile za LUKU, maana betri ya gari nayo inapimwa kwa uniti hizo hizo. Lita moja ya dizeli ina kama uniti 10 ndani yake. Tenki la lita 90 ni uniti 900, wakati Cruiser iliyobadilishwa mara nyingi inabeba betri ya uniti 60 au 80 hivi. Ukiishia hapo unasema umeme haufai. Ila injini inatupa sehemu kubwa ya hizo uniti kama joto, ndo maana kuna rejeta na ndo maana ekzosi inaunguza, na kwenye gemu draivu, yaani kuzungukia wanyama hifadhini, ambapo gari inatambaa gia ya pili, inasimama, inaunguruma pale pale wageni wakipiga picha simba, kinachofika kwenye tairi ni kidogo mno. Mota ya umeme inafikisha uniti zaidi ya 8 kwenye kila 10, na gari ikisimama mota haili kitu.

Sasa hesabu ya pesa. Cruiser yenye 1HZ, ile injini ya dizeli ya sita silinda, lita 4.2, ambayo kila fundi wa kaskazini anaijua hata gizani, kwa matumizi ya hifadhini weka lita 15 kwa kilomita 100. Dizeli ilivuka shilingi 3,000 mwaka 2022, tuweke hiyo 3,000, hapo ni 45,000. Gari ya umeme umbali ule ule itakula uniti 35, ukijumlisha na zinazopotea wakati wa kuchaji fanya 40, na umeme wa TANESCO kwa mtu wa kawaida ni kama 356 kwa uniti, yaani 14,000 na kidogo. Tofauti ni kubwa na ni ya kweli kabisa.

Lakini hiyo ni kama gari inalala Karatu au Arusha mjini kwenye nguzo ya TANESCO. Ikilala kambini Serengeti ambako umeme unatoka kwenye jenereta, mambo yanageuka, maana jenereta ndogo inakupa kama uniti 3 tu kwa kila lita. Uniti zako 40 zimekula lita 13! Umenunua betri ya mamilioni halafu umeokoa lita 2. Nawaambia watu hili waziwazi kwa sababu naona wanaonyeshwa hesabu ya TANESCO wakati gari yao haitaona nguzo wiki nzima.

Kambi ya kudumu yenye sola ndo sehemu ambayo umeme unanifurahisha kuliko zote. Paneli za kilowati 10 kwa jua letu zinakupa uniti 40 na zaidi siku yenye jua zuri, inatosha gari moja. Na angalia ratiba: mnatoka alfajiri, mnarudi saa sita mchana wageni wale na wapumzike, mnatoka tena saa kumi. Yale masaa ambayo gari imepaki ndo masaa ambayo jua ni kali kuliko yote, kwa hiyo umeme unaingia moja kwa moja kwenye gari bila kuhitaji ghala kubwa la betri kambini. Kwa kambi za namna hii mimi siwezi kumshauri mtu anunue dizeli nyingine.

Ile safari ya kutoka Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, kilomita 330 hivi, na kuanzia geti la Ngorongoro ni vumbi na yale mawimbi ya barabara yanayofungua nati zote, halafu unalala kila siku sehemu tofauti, hiyo bado ni ya dizeli. Sioni aibu kulisema na huku natengeneza za umeme.

Kreta ya Ngorongoro nayo ina mambo yake. Pale juu ukingoni ni kama mita 2,300, na 1HZ haina tabo ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, ndo ule moshi mweusi unaouona magari yakipanda barabara ya Lerai kutoka kreta na wageni sita. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haijui kama iko Tanga au iko Ngorongoro, na nguvu yake yote ya kuzungusha ipo kuanzia tairi haijasogea, unapanda jiwe taratibu bila kucheza na klachi. Kushuka Seneto, barabara ya kuingilia kreta, ndo pazuri zaidi. Gari ya tani 3 ikishuka mita 600 inaachia karibu uniti 5, mota inageuka jenereta, inashika gari, na unarudishiwa uniti 2 na ushee kwenye betri badala ya kuchoma brekipedi.

Hapa madereva nawasisitizia sana: msichaji mpaka asilimia 100 mkiwa mmelala ukingoni. Betri ikijaa haina pa kuweka umeme, kompyuta yake inaufungia, na lile shiko la mota ulilolizoea linapotea ghafla uko kwenye kona ya Seneto. Ishia kwenye 85 au 90. Na asubuhi ya baridi kali betri inapokea kidogo hata kama haijajaa, kwa hiyo shuka taratibu kwa brekipedi mpaka ipate joto.

Kwenye tope la udongo mweusi uzito wa betri unaumiza, hilo halina dawa zaidi ya tairi nzuri na kutoingia usipopajua. Maji hayanitishi sana kama mota na boksi la betri vimezibwa vizuri. Kinachonitisha ni vumbi la magadi la Ndutu na Natron, linakula plagi za waya polepole, kwa hiyo kila sevisi nazifungua zile soketi nakagua kama kuna ukoko mweupe.

Halafu ufundi. 1HZ ina pampu ya kimekaniki, ikizima Mto wa Mbu utapata kijana mwenye spana atakayetoa hewa kwenye dizeli mkaondoka. Cruiser ya umeme mara nyingi ina volti zaidi ya 300, zile waya za rangi ya chungwa hazichezewi. Mimi natoa plagi ya kukatia umeme, naiweka mfukoni mwangu ili asije mtu akairudisha, nasubiri dakika 10 kapasita za inveta, zinazobaki na umeme hata ukishakata, ziishe chaji, ndo napima kwa mita, nikiona sifuri ndo nagusa. Dereva anayebaki porini na gari ya namna hii afundishwe hatua hizo kabla ya kitu kingine, maana hamna fundi wa barabarani atakayemsaidia.

Kwa nyie wa mjini mnaoniuliza kuhusu Nissan Leaf za mtumba, zile gari ndogo za umeme: kama unalala kwako, una LUKU na unazunguka kilomita 40 kwa siku, chukua. Ila betri yake haina mfumo wa kupozwa na maji, joto la Dar linaichosha, kwa hiyo kabla hujalipa hesabu vile vibaa 12 vidogo pembeni ya geji ya chaji. Kikipotea kimoja, betri imeshapungua kama asilimia 15. Vikipotea vitatu, shusha bei au iache.