Je, wajua kwa nini kadi ya bei ndogo huweza kuwa na GB nyingi kuliko ya bei kubwa?

Sema unatafuta kadi ya grafiki ya gemu kwenye maduka ya kompyuta Kariakoo, na swali la kwanza utakaloulizwa ni "GB ngapi?" Mimi nami kwa miaka niliziona GB kama cc za bodaboda: zikiongezeka, mbio zinaongezeka.

Kisha nikakutana na GeForce RTX 3060 ya mwaka 2021, iliyotoka kwa dola 329 huko Marekani ikiwa na GB 12. Kaka yake RTX 3070, wa mwaka 2020 na dola 499, ana GB 8. Nikamwambia muuzaji kachanganya bei. Hakuchanganya. Katika gemu nyingi ni huyo wa GB 8 anayemwacha mwenzake mbali, maana ana viini 5,888 vya kuchora picha dhidi ya 3,584.

GB ni ukubwa wa ghala tu, yaani memori ya kadi. Mzigo unafika kwenye Fuso kwa wingi wa makuli, yaani vile viini, na idadi ya milango. Ghala kubwa lenye milango michache litakuwa na shehena tele ndani na foleni ndefu nje.

Milango hiyo ndiyo inayoamua hata ukubwa wa ghala. Kila chipu ya memori hupitia mlango wake wenye upana wa biti 32. RTX 3060 ina biti 192, yaani milango sita. 3070 ina 256, milango minane. Chipu zenyewe zilikuwa za GB 1 au GB 2. Piga hesabu: milango sita inakupa GB 6 au 12, na 8 haipatikani. Sita ingeonekana finyu, basi ikawa 12. Mimi niliyedhani ni ukarimu! Na kwa sekunde moja, 3060 hupitisha GB 360 wakati 3070 hupitisha 448.

Sikuwa nimekosea kabisa, lakini. Ghala likijaa, mzigo wa ziada hulazwa kwenye RAM ya kompyuta, ambako njia ni nyembamba, na gemu huanza kukwamakwama. Baadhi ya gemu za karibuni, ukiziweka kwenye ubora wa juu, hujaza GB 8; hapo 3060 huweza kutulia huku kaka yake akigugumia. Inategemea gemu na mipangilio yako, na si kila mara.

Mwaka 2023 ikaja RTX 4060, mrithi wa 3060. Ina milango minne na GB 8. Pamoja na hayo, katika gemu nyingi inamshinda mbio mtangulizi wake, kwa sehemu kwa sababu imewekewa kibanda cha memori cha MB 24 ndani ya chipu kuu yenyewe, ambapo 3060 ilikuwa na MB 3, hivyo makuli hawaendi ghalani kila safari.