Je, wajua kwa nini perere anahesabiwa kuwa jamaa wa tembo?

Anayelala kambini juu kwenye milima ya Rwenzori huweza kushtushwa usiku na mlio unaoanza kama bawaba ya mlango iliyokauka, ukapanda hatua kwa hatua hadi ukawa yowe. Mwenye mlio huo ni perere, mnyama wa kilo mbili hadi nne hivi. Kwa kuwa ana manyoya mazito na mkia wake hauonekani, wengi humdhania kuwa panya mkubwa au sungura, lakini jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni tembo na nguva wa baharini.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo kinywani. Kile tunachokiita pembe ya ndovu si pembe hata kidogo, bali ni jino la mbele la taya la juu lisilokoma kukua, tofauti na ngiri, ambaye meno yake yaliyochomoza ni chonge. Perere na pimbi, nduguye wa miambani, wanayo meno mawili ya namna hiyohiyo, makali na yenye kukua maisha yote. Vidole vyao navyo havina makucha ya panya, isipokuwa kimoja cha mguu wa nyuma. Vina kucha bapa zinazofanana na kwato ndogo. Hata korodani za madume, kama zile za tembo, hubaki ndani ya mwili karibu na figo.

Mimba nayo inashangaza: sungura huzaa baada ya mwezi mmoja, ilhali pimbi, asiyemzidi sana kwa ukubwa, hubeba miezi saba hadi minane, na mtoto huzaliwa macho yakiwa wazi. Tembo hubeba miezi 22.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ulinganisho wa chembe za urithi uliithibitisha nasaba hii, na mwaka 1998 ukoo mzima, pamoja na mhanga na sange, ukapewa jina la Afrotheria, kwa sababu chimbuko lake ni Afrika ilipokuwa bado kisiwa kikubwa kilichozungukwa na bahari.

Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, jamaa za pimbi walikuwa miongoni mwa wala majani wakuu wa bara hili. Mmoja wao, Titanohyrax, ambaye mabaki yake yalifukuliwa Fayum nchini Misri, anakadiriwa kuwa na uzito wa mamia ya kilo. Wataalamu wengi wanaona kwamba mababu wa swala na nyati walipoingia kutoka Asia waliwanyang'anya malisho, wakabaki wale wadogo waliojua kukaa miambani na mitini.