Mfuko wa Mlangoni Haushushi Mlango

Kila mwaka, mvua zinapokolea Lubumbashi kuanzia Novemba, wateja huniletea lalamiko lile lile kwa maneno yale yale. Mlango wa chumba ulikuwa ukifungika vizuri, mama wa nyumba akanunua mfuko wa kuning'iniza wenye vifuko 24, akaujaza, na sasa mlango unakwama. Hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla sijafika na randa yangu: "Papa fundi, ule mfuko ni mzito, umeshusha mlango." Mimi ni seremala, kazi yangu ni milango na makabati, na sina faida yoyote katika kuitetea mifuko hiyo. Hata hivyo nimechoka kuona kifaa kinachozifaa sana nyumba zetu ndogo kikitupwa nyuma ya jiko kwa kosa ambalo hakikulitenda.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaoshtakiwa. Chukua mlango wa upana wa sentimita 80, uliofungwa kwa bawaba mbili zilizoachana sentimita 160. Tuseme una kilo 25, na uzito huo uhesabiwe kana kwamba wote uko katikati ya upana, yaani sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Ukizidisha uzito kwa umbali huo, kisha ukagawanya kwa nafasi iliyo kati ya bawaba mbili, unapata nguvu inayoivuta bawaba ya juu ili itoke kwenye fremu: 25 mara 40, gawanya kwa 160, ni kilo 6 na robo. Hiyo ndiyo kazi ambayo bawaba ya juu huifanya usiku na mchana, hata kama mlango haujatundikwa chochote. Sasa ongeza mfuko wenye vifuko 24, kila kimoja kikiwa na kitu cha gramu 250, jumla kilo 6. Kwa hesabu ile ile, bawaba inaongezewa kilo moja na nusu tu. Skrubu iliyoshika mbao nzima haisumbuliwi na nyongeza ya namna hiyo. Kwa upande mwingine, mtoto wa kilo 20 anayening'inia kwenye kitasa na kubembea, jambo ninaloliona mara nyingi huku wazazi wakinieleza ubaya wa mfuko, huivuta bawaba hiyo hiyo kwa kilo 9 hivi, kwa sababu kitasa kiko mbali na bawaba, tena huivuta kwa mitikisiko. Mtoto hashtakiwi, mfuko ndio unaofukuzwa.

Ukitaka kujua mlango wako una ugonjwa gani, usitazame mfuko bali tazama mahali unapokwama, kwa maana kila mahali pana sababu yake.

Ukibana pembeni, upande wa kitasa, kosa ni la majira. Tangu Mei hadi Septemba mvua hutukimbia, hewa hukauka, na mbao hupoteza maji yake na kusinyaa kwa upana. Urefu wake, kwa kufuata nyuzi, karibu haubadiliki. Mvua zikirudi, mbao hunywa unyevu wa hewa na kutanuka tena. Mlango uliofungwa mwezi wa nane ukaachiwa nafasi ya milimita moja tu pembeni utabana mwezi wa kwanza, uwe na mfuko au usiwe nao. Mbao za mti wa mulombwa zilizokaushwa vizuri hazitembei sana, yaani hazitanuki na kusinyaa sana. Mkaratusi uliopasuliwa juzi na kufungwa leo hutembea mpaka unapinda, na anayeununua kwa sababu ni rahisi anajinunulia pia ziara ya fundi kila masika. Kwa kuwa watu wengi hununua mfuko wakati ule ule wanapoanza kujifungia ndani kwa sababu ya mvua, matukio mawili yanakutana, na moja linasingiziwa kuwa limezaa jingine.

Ukisugua sakafu kwenye kona iliyo mbali na bawaba, hapo kweli mlango umeshuka, lakini fungua bawaba ya juu uone kilichomo. Mara nyingi utakuta skrubu fupi za sentimita mbili zilizopigwa kwa nyundo badala ya kuzungushwa kwa bisibisi, tena katika fremu ambayo mchwa wamekwisha kuila na kuacha rangi tu. Skrubu iliyopigwa nyundo haishiki nyuzi za mbao, huzichana. Mlango huo ungeshuka hata kama ungetundikiwa kalenda. Dawa yake ni kuziba matundu kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi, kurudisha bawaba kwa skrubu za sentimita nne, na kuongeza bawaba ya tatu karibu na ile ya juu. Fremu iliyoliwa haina dawa, ing'olewe.

Ukikwama juu, hapo tu ndipo nitakapoukubali ushahidi dhidi ya mfuko, na hata hapo kosa si la uzito. Mifuko mingi huuzwa pamoja na kulabu za bati zinazokaa juu ya ukingo wa mlango. Bati hilo lina unene wake, na nafasi iliyopo kati ya mlango na fremu mara nyingi ni milimita mbili au tatu, ambazo hupungua kila mwenye nyumba anapoongeza rangi. Kila ukifunga mlango, kulabu inasuguana na fremu; anayefunga anasukuma kwa bega, na msukumo huo unaofanyika asubuhi na jioni ndio unaolegeza bawaba. Kulabu hizo, zaidi ya hayo, hutengenezwa kwa unene fulani wa mlango: kwenye mlango mwembamba hucheza na kugonga, na kwenye mlango mnene haziingii mpaka zikunjuliwe kwa koleo, zikapoteza nguvu.

Ndiyo maana huwaambia wateja wangu wazitupe kulabu siku hiyo hiyo wanapoununua mfuko. Chukua kipande cha mbao chenye upana wa sentimita tano na unene wa sentimita mbili, ukikate kwa upana wa mfuko, ukifunge kwenye mlango karibu na ukingo wa juu kwa skrubu tatu za sentimita nne, kisha utundike mfuko kwenye misumari midogo iliyopigwa katika kipande hicho. Mlango ukiwa wa tripleksi, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, wenye uwazi ndani, usikae na kufikiri kwamba unaweza kuweka skrubu popote: mbao nzima iko kwenye kingo tu, na skrubu ikipita katikati haitashika kitu isipokuwa ganda jembamba. Hatimaye, funga pembe mbili za chini kwa utepe ili mfuko usipige mlango kila unapofunguliwa. Watu husahau pembe hizo, halafu wanalalamikia kelele.

Vitu vizito viwekwe wapi? Wateja hunijibu kwa pamoja: chini. Kwa ajili ya bawaba, juu au chini hakuna tofauti yoyote. Tofauti iko kati ya kushoto na kulia. Chupa zikikaa kwenye safu iliyo karibu na bawaba, sentimita 20 badala ya 40, mvuto unapungua nusu. Sababu nzuri ya kuziweka chini ni nyingine kabisa: chupa ikidondoka kutoka juu humwangukia mtu kichwani. Kwa hiyo chini, na upande wa bawaba.

Dhana ya pili, kwamba mifuko hiyo ni ya viatu tu, nisingeijadili kama nisingeisikia kila wiki. Kwa kweli viatu ndivyo visivyofaa zaidi, hasa hapa kwetu, ambako viatu vya kiangazi huja na vumbi jekundu na vya masika huja na matope, na vyote viwili hudondokea vifuko vilivyo chini. Mlango wa jikoni huhifadhi vifuniko vya sufuria, miiko, viberiti vya mbabula, yaani jiko la makaa, pakiti za viungo na mishumaa ya usiku ambao umeme unakatika. Katika chumba cha watoto, safu moja kwa kila mtoto, yenye kalamu, soksi za shule na kitambaa, humaliza ugomvi wa asubuhi kuliko makofi. Fundi cherehani hupanga nyuzi, zipu na vifungo kwa rangi. Na mfuko si lazima ubaki mzima: kata katikati ya safu mbili, kunja ukingo mpya, ushone utepe, nawe una mifuko miwili, mmoja wa ndani ya mlango wa kabati na mwingine wa ubavuni mwa kitanda.

Wapo wanaosema kwamba plastiki inayoonyesha ndiyo bora kwa kila kitu, kwa kuwa unaona ulichoweka. Kwa sindano na vifungo, sawa. Kwa karatasi za maana, hapana: plastiki laini ya namna hiyo hutiwa mafuta ya kuilainisha, nayo mafuta hayo hujitokeza polepole na kuung'ata wino wa fotokopi na wa mashine ya leza, hata siku unapoitoa diploma ya Serikali unakuta nusu ya maandishi imehamia kwenye plastiki. Karatasi ziingie kwanza katika bahasha ya karatasi, au ziwekwe kwenye mfuko wa kitambaa. Viazi navyo vikikaa kwenye mwanga huota rangi ya kijani na kupata sumu chungu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Viwekwe gizani, katika kitambaa kizito. Vitunguu vinataka wavu unaopitisha hewa, mbali na viazi. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hupoteza nguvu mwangani, hivyo chupa yake iliyo nyeupe isikae katika plastiki inayoonyesha karibu na dirisha, na kamwe isiwe jirani wa asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa vikimwagikiana hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.

Dawa za hospitali mlangoni mwa bafu? Hapana. Mvuke wa maji ya kuoga huziharibu, na vifuko vya chini viko sawasawa na mkono wa mtoto anayetambaa. Safu mbili za chini, katika nyumba yenye watoto wadogo, ni za vitu vyao wenyewe na si vya mtu mwingine yeyote.

Simu na betri za akiba zinaweza kulala katika kifuko, lakini zisichajiwe humo. Najua umeme ukirudi saa sita usiku kila mtu hukimbilia soketi na kuchomeka kila kilichopo. Hata hivyo betri inayochajiwa hutoa joto, na joto hilo likifungiwa ndani ya kitambaa halina njia ya kutoka. Chajia juu ya sakafu ya saruji au meza isiyo na kitambaa, kisha urudishe.

Dhana ya mwisho ndiyo inayoniudhi kwa namna yake, kwa kuwa husemwa kwa unyonge: kwamba mifuko hii ni ya nyumba zenye milango mingi, si ya mpangaji wa vyumba viwili vya uani huko Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, ambaye kati ya chumba na sebule ana pazia tu. Kipande cha mbao nilichokieleza hakijali kama kiko kwenye mlango au ukutani. Kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma, toboa kwa kekee, tia plagi za milimita 6, kaza skrubu. Kwenye ukuta wa matofali mabichi ya udongo plagi hazishiki, na anayelazimisha huangusha plasta yote. Hapo funga kamba mbili imara kwenye boriti ya paa, uning'inize kipande cha mbao kama bembea, na mfuko ulale ubavuni mwa ukuta. Uache sentimita chache kati ya mfuko na ukuta, kwa kuwa matofali mabichi hupitisha unyevu wakati wa mvua na kitambaa kinachogusa huota ukungu.