Mwacheni bibi achambue dagaa

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nazunguka majumbani huku Kigoma, Ujiji na Mwanga, na niseme wazi, wazee wengi ninaowakuta hawana nguvu si kwa sababu ya umri tu, ni kwamba wamekalishwa. Mama akifika 70 watoto wanasema umehangaika sana na sisi, sasa pumzika, basi maji anachotewa, chakula analetewa kitandani, hata kikombe chake haoshi. Najua ni mapenzi na heshima. Ila msuli usipotumika unaisha haraka jamani, mzee mwenye afya yake akilala kitandani siku 10 tu anaweza kupoteza karibu kilo nzima ya msuli wa miguu, na kuurudisha ni kazi.

Kipimo changu ni kiti. Kiwe imara, kiegemee ukuta, mzee akunje mikono kifuani alafu asimame na kukaa kwa sekunde 30, wewe uko pembeni unahesabu. Mama wa miaka 70 hadi 74 asipofika mara 10, au baba asipofika 12, miguu imelegea na kuanguka kuko karibu. Na dawa yake ni hiyo hiyo, kusimama na kukaa, aanze mara tano asubuhi na tano jioni, akizoea aongeze.

Mazoezi mengine yako ndani ya siku yenyewe. Mwacheni achambue dagaa, afagie uwanja, atembee mwenyewe msikitini au kanisani hata kama atachelewa. Na hao dagaa ale, tena na mifupa yao, maana msuli haujengwi kwa ugali na chai ya rangi.

Sasa choo, hapa ndo wengi wanaumia. Choo kiko nje, usiku giza, kandambili zinateleza, alafu achuchumae na magoti yale! Wengine wanaacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni ili wasiamke usiku, na hilo nalo linawadhuru, mwili unakauka na kizunguzungu kinazidi. Mwite fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu katikati, kikae juu ya shimo bila kuyumba, apigilie na mbao nene ukutani ya kushikilia. Njia iwe na taa hata ya sola, mawe yatolewe, avae viatu vilivyofungwa nyuma. Ndoo ya usiku chumbani pia si aibu hata kidogo.

Akiamka asikurupuke, akae kwanza ukingoni mwa kitanda achezeshe miguu dakika moja hivi. Kama bado kichwa kinazunguka kila akisimama na anatumia dawa za presha, msimwachishe wenyewe nyumbani, mrudisheni kliniki na muombe apimwe presha akiwa amelala, alafu apimwe tena akiwa amesimama.