Kikomo cha ukuaji wa uchumi: maana yake ukiwa Lubumbashi

Mama anayeniuzia makala, yaani makaa ya kupikia, huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi, huyapima kwa sikio. Anachukua vipande viwili, anavigonganisha. Vikilia kama chuma, mti ulikuwa wa porini, mgumu, na moto wake utaivisha sufuria nzima ya maharagwe kwenye mbabula, jiko letu la makala. Vikitoa sauti butu, huo ni mwembe. Zamani mwembe haukuwa mti wa kuuza makala. Sasa umo karibu kila gunia, umefichwa chini, na vipande vyenyewe ni vyembamba kama vidole. Gunia halijapungua kimo. Wanaoteseka ni vijana wa baiskeli wanaolileta, maana kila mwaka wanatoka mbali zaidi.

Hapo ndipo ninapoanzia kueleza kikomo cha ukuaji. Tukisikia neno kikomo, wengi tunawaza siku kitu kitakapokwisha: mti wa mwisho, jiwe la mwisho. Lakini kikomo huanza mapema kuliko hapo. Huanza pale ambapo kupata kilekile cha jana kunadai jasho, maji, umeme na ardhi zaidi ya jana, mpaka faida inaliwa na gharama za kuitafuta. Msitu wa miombo haujakwisha. Umesogea.

Ukuaji wa uchumi, kwa upande wake, ni kuongezeka kwa pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Ukisikia asilimia 3 unaona ni kidogo. Ila ongezeko la kila mwaka hukaa juu ya lile la mwaka uliotangulia: pato linalokua kwa asilimia 3 huwa maradufu kwa miaka 24 hivi, na baada ya miaka 100 linafika mara 19. Kwenye karatasi haidhuru. Lakini pato linabeba vitu ndani yake, shaba, saruji, kuni, maji, na dunia inayotoa vitu hivyo haijaongezeka hata shubiri moja.

Mwaka 1972 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, akiwemo Donella Meadows na mumewe Dennis, waliiandikia Club of Rome, kundi la wasomi na wafanyabiashara, ripoti juu ya jambo hili. Waliingiza kwenye kompyuta idadi ya watu, chakula, viwanda, mali za ardhini na uchafuzi, wakaona kwamba mwenendo usipobadilika, ukuaji ungegonga ukuta ndani ya miaka 100. Walishambuliwa vikali. Wachumi wengi walijibu kwamba kitu kikiadimika bei hupanda, na bei ikipanda watu hubuni njia nyingine.

Jibu hilo lina ukweli, na ushahidi tunao mjini kwetu. Terili, ule mlima mweusi chini ya bomba refu la moshi, ni mabaki ya tanuru lililowashwa mwaka 1911. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa takataka. Baadaye ikaonekana yana kobalti ndani, madini ya kutengenezea betri, na tangu miaka ya 2000 yakaanza kuchomwa upya. Ufundi ulikisogeza kikomo kweli. Hata hivyo terili inapungua, na kuichoma kunahitaji umeme mwingi, umeme ambao mtaani tunaulilia.

Na kwenye mawe ni vilevile. Waliotangulia walichukua kwanza jiwe la kijani lililokuwa karibu na uso wa ardhi, pale kwenye machimbo ya Kalukuluku. Ukishuka, jiwe linabadilika, kulisafisha kunakuwa kugumu zaidi, na maji yanaingia. Kipushi, kilomita 30 tu kutoka hapa, mgodi umepita mita 1,000 kwenda chini, na pampu zisipofanya kazi usiku na mchana shimo linajaa.

Ila tusichanganye mambo. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, haikuanguka kwa sababu mawe yaliisha. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, na miaka minane baadaye ilikuwa imebaki na kama tani 30,000, mawe yakiwa bado ardhini. Madeni, mitambo isiyotengenezwa, kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, na wizi, ndivyo vilivyoiua. Wazee waliokuwa wakisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama, waliachwa na wakubwa wao. Kuwaambia kwamba ni maumbile ni kuwadhulumu mara ya pili.

Kuna ukweli mwingine unaonikosesha usingizi. Tani moja ya shaba ikiuzwa, pato la taifa linapanda, lakini hakuna anayeandika kwamba ardhi imepungukiwa na tani moja. Mtu akiuza mabati ya paa lake, mfukoni atakuwa na fedha, lakini hutasema mshahara wake umeongezeka. Tangu 2022 Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, na wenye umeme nyumbani ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano. Ndiyo maana tunapika kwa makala.

Sasa mtu wa nchi iliyoshiba akija kutuambia dunia ipunguze ukuaji, moyo unakataa, na una haki ya kukataa. Sisi bado hatujala. Gari moja la umeme linabeba kama kilo 80 za shaba, na wanaolinunua si watu wa Katuba. Kwangu mimi, waliotumia zaidi ndio wanaopaswa kushuka kwanza. Lakini haki hiyo haitaongeza jiwe ardhini, wala haitaurudisha msitu karibu na barabara. Tunayoyachimba sasa yanapaswa kujenga umeme, shule na visima wakati jiwe bado liko mahali mkono unapofika.

Juzi nilimwuliza yule mama, miembe hii wanaikata wapi. Alikuwa akifunga gunia, hakuinua kichwa, akataja malupango, yaani viwanja vya nyumba.

“Inatoka mu malupango ya batu, papa. Humu humu mu Katuba.”