Kidude cha soketini hakipunguzi bili ya stima

Video ile ya kidude cha kuchomeka soketini, kinachodaiwa kupunguza bili ya stima, imenifikia tena. Safari hii imetoka kwa khalati yangu wa Majengo, hapa Mombasa, na chini yake kaandika: "Mwanangu, hiki chauzwa Marikiti, wasema chakata bili nusu. Nikinunue?" Kabla yake alikuwa jirani. Kabla ya jirani alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, wa uhandisi wa umeme, niliyemfundisha pawa fakta (wati ukizigawa kwa volti mara ampea) kwa mdomo wangu huu. Yeye hata hakuuliza kama kinafanya kazi. Aliuliza wapi kinapatikana kwa bei ya jumla. Basi leo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtupia ukurasa huu nirudi kwenye kahawa yangu.

Kilichomo ndani si siri, nimevifungua. Kuna kapasita ya plastiki, kijidude cha kuweka chaji na kuirudisha, mara nyingi karibu mikrofaradi 4.7, rizista ya kumwaga chaji, na taa ndogo ya kijani. Vingine ni taa tu. Taa ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote, kwa sababu bila ya taa mtu hawezi kuamini kuwa kuna jambo linaendelea.

Mchuuzi huwa na mota kuukuu, ubao wa soketi na klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma ampea za mkondo. Awasha mota, watu wasoma ampea 0.83. Achomeka kidude, wasoma 0.59. "Mwaona wenyewe?" Wanaona. Karibu asilimia 30 imeyeyuka mbele ya macho yao, na noti zinaanza kutoka mifukoni.

Wahandisi wenzangu wakiulizwa hukimbilia kusema kuwa ile mita imechezewa. Haikuchezewa. Namba zote mbili ni za kweli, na tukiendelea kumwita mtu mwongo pale pale alipostahili kuaminiwa, tutashindwa naye kila siku. Ampea zimeshuka kwelikweli. Asilolisema mchuuzi ni kwamba nyumba yako haiuziwi ampea.

Tuhesabu, maana hesabu yenyewe ni ya kidato cha nne. Friji ya zamani, wati 120, pawa fakta 0.6, volti 240. Hizo ni VA 200 (volti mara ampea), yaani ampea 0.83, na ndani yake mna VAR 160, nguvu inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 kwenye volti 240 na hezi 50 inatoa VAR 85. Zinabaki VAR 75, VA zinashuka hadi 141 na kitu, ampea 0.59. Na wati? Zilikuwa 120 na ni 120 bado. Chomeka vidude kumi, zitabaki 120, ila ampea sasa zitapanda hadi karibu 2.9, kwa kuwa utakuwa umezimaliza VAR za friji na kuvuka upande wa pili. Sijamwona mchuuzi akichomeka kumi.

Mwenye kutaka picha na akasimame daraja la Nyali. Maji yakijaa yanaingia hori la Tudor, yakipwa yanarudi baharini. Mlango ule sharti uwe mpana wa kuyapitisha yote, kwenda na kurudi, lakini ukipiga hesabu baadaye hori halikubakiza kitu. VAR nazo ni hivyo, ila zinajaa na kupwa mara 100 kwa sekunde. Waya unazibeba, klampu mita inaziona. Mita yako ya tokeni inazidisha volti kwa ampea papo kwa papo na kujumlisha, na kilichoingia kikafutwa na kilichotoka. Kinachobaki kwenye jumla ni wati, na wati kwa muda ndizo yuniti unazozinunua kwa simu usiku ukiwa gizani.

Hapo hujitokeza mjuaji. "Lakini mwalimu, ampea zikipungua, joto la waya nalo hupungua. I mraba mara R, yaani mkondo mraba mara upinzani." Huyu nampenda, amesoma. Haya, waya wa 2.5 mm², mita 15 kutoka kwenye bodi hadi soketini, kwenda na kurudi una upinzani wa karibu omu 0.22. Kwa ampea 0.83 waya unapoteza wati 0.15. Kwa 0.59 unapoteza 0.08 hivi. Tumeokoa chini ya sehemu moja ya kumi ya wati. Friji ikinguruma mwaka mzima bila kupumzika, hiyo haifiki yuniti moja. Taa ya kijani yaweza kula zaidi ya hapo peke yake. Na bado kuna uchungu mwingine: karatasi ya maelezo inakuambia ukichomeke "karibu na mita iwezekanavyo". Ukifanya hivyo, waya kutoka mitani hadi frijini unabeba ampea zile zile za mwanzo, kwa hivyo hata ile chembe tuliyoihesabu imekupita. Anayefaidi ni aliye upande wa nje wa mita: waya wa nguzoni, transfoma ya mtaa, laini. Yaani umelipa wewe, nafuu imekwenda kwa kampuni ya stima. Kutoa sadaka ni jambo jema, lakini mtu ajue anatoa.

Tena hata sadaka yenyewe si ya kila saa. Jioni, mafriji na mapampu yanapofanya kazi, mtandao wa umeme utaishukuru VAR yoyote iliyozaliwa karibu na mtumiaji. Lakini Pwani inalishwa pia na laini ya Nairobi hadi Mombasa iliyojengwa kwa kilovolti 400, karibu kilomita 480. Laini ndefu kama hiyo, mzigo ukiwa mdogo usiku wa manane, inazalisha VAR yenyewe, na volti za mwisho wa laini zinataka kupanda. Ndiyo sababu laini za aina hii hufungwa riakta, koili kubwa za kuzimeza VAR hizo. Kidude hakijui saa. Kinamwaga VAR zake saa tisa za usiku kama saa moja ya jioni.

Nani basi hulipia VAR? Viwanda, hoteli kubwa, maghala ya baridi, wote walio kwenye tarifu za CI, yaani bei za wateja wakubwa wa biashara na viwanda. Hao hulipishwa kilele cha mahitaji kwa kVA (VA elfu moja) mbali na yuniti, na pawa fakta ikishuka chini ya 0.9 huongezewa adhabu. Chukua ghala la samaki la kilowati 200 lenye pawa fakta 0.75. Linavuta kVA 267. Ukiipandisha hadi 0.95, linavuta 211. Hizo kVA 56 zinaondoka kwenye bili kila mwezi, na benki ya kapasita, yaani kapasita nyingi zilizofungwa pamoja, inajilipa upesi. Uongo wa kidude ulizaliwa na ukweli huu: wamechukua hesabu sahihi ya ghala la samaki wakaiuza kwa mtu mwenye friji moja na televisheni.

Na hata kwenye ghala si kufunga tu na kwenda zako. Nimeingia chumba cha umeme cha hoteli moja ya ufuoni ambako benki ilikuwa imevimba kopo zake, fyuzi zimekatika, na harufu ya mafuta yaliyoungua imeganda ukutani. Hoteli ilikuwa imebadilisha mapampu yake yote yakawa ya draivu za kubadili kasi, halafu fundi akaongeza kapasita kama vile bado ni mota za zamani. Draivu zinatema hamoniki, mawimbi ya ziada yenye hezi mara kadhaa za ile 50, ya tano ikiwa hezi 250, na kapasita pamoja na transfoma zikakutana na hezi hizo hizo zikaanza kuitikiana. Siku hizi mzigo mwingi wa kisasa hauhitaji kapasita hata kidogo. AC za inveta nyingi zina saketi yake ya kusahihisha pawa fakta ndani, na taa rahisi za LED tatizo lake ni umbo la mawimbi ya mkondo, ambalo kapasita hailitibu.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi kuliko yote. Si mchuuzi. Ni shahidi. "Mimi nimekitumia, na tokeni zinakaa." Mtu mzima, mkweli, hana cha kupata kwa kunidanganya. Nami huuliza swali moja tu: ulinunua lini? Jibu huwa ni mwezi wa tatu au wa nne. Mombasa! Mwezi wa tatu ni kaskazi inayoisha, joto limefika shingoni, AC na feni haziguswi swichi, friji haipumziki, bili imekuuma na kwa sababu imekuuma ndiyo ukaenda Marikiti. Mwezi wa sita kusi imeshika, upepo waingia dirishani, usiku mtu ajifunika shuka. Yuniti lazima zishuke. Zingeshuka hata kama ungechomeka kijiko (usichomeke kijiko).

Si kaskazi na kusi tu. Bei ya yuniti nayo haitulii. Fidia ya gharama ya mafuta hutangazwa kila mwezi, marekebisho ya fedha za kigeni yako juu yake, halafu VAT ya asilimia 16 na asilimia 5 ya umeme wa vijijini. Aliyenunua tokeni za shilingi 1,000 mwezi huu na mwezi ujao hapati yuniti sawa, na wala hakubadilisha taa. Na kuna bendi: tangu 2023, asiyevuka yuniti 30 kwa mwezi ana bei yake, hadi 100 bei nyingine, kupita hapo bei nyingine tena. Likizo imekwisha, watoto wamerudi bweni, matumizi yamevuka mstari kurudi chini, basi shilingi zinashuka zaidi ya yuniti. Sifa zote zinamwendea kidude. Zaidi ya hayo, aliyetoa pesa yake kununua kitu cha kupunguza bili ndiye huyo huyo anayeanza kuzima taa za veranda. Kidude kimebadilisha tabia, hilo sikatai. Karatasi iliyoandikwa "zima taa" ingefanya vivyo hivyo.

Na tusiwacheke hawa mashahidi sana. Ugonjwa wao tunao hata sisi wa vyuoni. Nasoma mara kwa mara tafiti za ufanisi wa nishati zinazolinganisha bili za jengo kabla na baada ya kufunga kitu fulani, bila kusahihisha hali ya hewa, bila majengo ya kulinganishia ambayo hayakufungwa kitu, kisha mwisho inatajwa asilimia yenye desimali mbili. Hiyo ni hadithi ya mwezi wa tatu na wa sita, ila imepigwa chapa. Kwa mji huu tatizo lina tabaka moja zaidi, nalo ni unyevu. AC ya Mombasa haipoozi hewa tu, inakamua maji, na sehemu kubwa ya kazi yake haionekani kwenye kipimajoto. Ukisahihisha kwa joto peke yake umesahihisha nusu. Njia ya kulisahihisha hili kwa nyumba za kawaida, ambazo madirisha yake huwa wazi nusu ya siku, hainiridhishi mpaka leo, na hizo za vitabuni zilitungwa kwa majengo yaliyofungwa kila upande.

Kuna mahali pengine napo ninasitasita, na ningekuwa mchuuzi ningepatumia. Nimesema mita inasoma wati tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitangaza matokeo ya kuzijaribu mita 9 za kielektroniki kwa mizigo michafu, taa za LED na za kubana matumizi zilizopunguzwa mwanga kwa dima, ambazo mkondo wake unaruka kwa ghafla. Mita 5 zilisoma zaidi ya kweli, moja ikafika asilimia 582 juu, na nyingine zilisoma chini. Lawama kubwa iliangukia aina ya sensa ya mkondo. Kwa hivyo sentensi yangu ya "mita inasoma wati" ni kweli kwa mkondo safi, na kwa mkondo mchafu inategemea mita. Mizigo ile ilipangwa kwa makusudi iwe mibaya, na nyumba yenye friji, feni na taa kadhaa haifanani nayo. Lakini taa zetu za bei rahisi si safi pia, na sitaapa. Ninaloweza kuapa ni kwamba kapasita ya mikrofaradi 4.7 si dawa ya hilo. Mkondo mchafu ukikutana na kapasita mara nyingine huchafuka zaidi.

Vinavyopunguza bili kweli mnavijua na havina taa ya kijani. Mpira wa mlango wa friji. Chujio la AC lioshwe, AC iwekwe 26 na feni juu yake, kwani feni ya wati 60 inaufanya mwili uridhike na joto la juu kidogo. Shawa ya moto ya kilowati 5, mtoto akikaa ndani dakika 20, ni yuniti 1 na zaidi. Tanki lisilo na floti, pampu ikamwaga maji paani usiku kucha. Basi.

Khalati, nawe na wote mtakaobisha, msiniamini mimi. Tazameni mita zenu. Kuna taa nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila kWh, yaani yuniti moja, mathalani 1000 au 1600. Zima kila kitu, friji kwanza, kwa kuwa kompresa hujiwasha na kujizima, nayo itakuvurugia hesabu. Washa feni moja tu, kasi ile ile. Kwa mita ya 1000 na feni ya wati 60, taa itapepesa kila baada ya sekunde 60. Pima kwa saa ya simu mipepeso kumi, chomeka kidude, pima kumi tena, kichomoe, pima kumi za mwisho. Mapengo yakitofautiana kwa maana, nitumieni video, na kamera iwe kwenye uso wa mita, si kwenye uso wa mchuuzi.